Protini: Mnyororo Unaojikunja Wenyewe

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Naomba nianze na ute wa yai, kwa sababu sote tumewahi kuuona ukibadilika mbele ya macho yetu. Yai likivunjwa, ute wake unateleza na unapitisha mwanga. Ukiguswa na joto la kikaango hugeuka mweupe, hushikamana, na hata ukiachwa upoe haurudi ulivyokuwa. Asidi amino, yaani molekuli ndogo zinazounganishwa kama mnyororo kuunda protini, zilizomo katika ute huo baada ya kupikwa ni zile zile, na zimefuatana kwa utaratibu ule ule. Kilichopotea ni umbo. Hoja yangu leo ni kwamba protini hufanya kazi kwa umbo lake, na kwamba umbo hilo hutokana na jinsi asidi amino zake zilivyopangwa.

Asidi amino ni molekuli ndogo. Katikati yake pana atomi ya kaboni, ambayo kwa kawaida huungana na vitu vinne. Upande mmoja imeshika kundi la amino, lenye naitrojeni. Upande wa pili kundi la kaboksili, ambalo ndilo asidi yenyewe. Upande wa tatu atomi ya haidrojeni. Na upande wa nne imeshika kile tutakachokiita kundi la pembeni. Sehemu tatu za kwanza ni zile zile karibu katika zote. Tofauti yote imo katika hiyo ya nne.

Protini za viumbe hai hujengwa kwa asidi amino 20 za kawaida, na 9 kati ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, hivyo ni lazima zipatikane katika chakula. Sitazitaja zote, kwani kukariri majina hakusaidii kama kuelewa tabia zake. Glaisini ndiyo ndogo kuliko zote: kundi lake la pembeni ni atomi moja tu ya haidrojeni. Valini na leusini zina makundi ya kaboni na haidrojeni yanayoyakwepa maji kama mafuta yanavyoyakwepa. Asidi glutamiki, ikiwa katika maji ya mwilini, hubeba chaji hasi, ilhali laisini hubeba chaji chanya, na zote mbili huyapenda maji. Sisteini ina salfa, na sisteini mbili zikikutana zaweza kufungana salfa kwa salfa na kuwa kama pingu inayoshikilia sehemu mbili za mnyororo. Pingu hizo ni nyingi sana katika keratini, protini ya nywele na kucha, na ndizo zinazoipa uimara wake.

Kaboksili ya asidi amino moja inapoungana na amino ya nyingine, molekuli moja ya maji hutoka na kifungo cha peptidi huzaliwa. Kifungo hicho ni kigumu, hakizunguki. Mzunguko hupatikana pembeni mwake tu, pale kwenye kaboni ya katikati, kwa hiyo mnyororo hujipinda kama cheni ya vipande bapa na si kama uzi. Idadi ya mipangilio inayowezekana ni ya kustaajabisha: mnyororo wenye asidi amino 100 tu waweza kupangwa kwa njia 20 × 20 × 20, na kuendelea hivyo mpaka ishirini zinazozidishwa ziwe mia moja, idadi inayozidi kwa mbali makadirio ya atomi zote za ulimwengu unaoonekana. Hata hivyo, insulini, protini inayodhibiti sukari katika damu, ina mpangilio mmoja mahususi. Frederick Sanger wa Uingereza ndiye aliyeusoma hatua kwa hatua, minyororo miwili ya asidi amino 21 na 30, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1958.

Mnyororo ukishaundwa hujikunja. Mwaka 1951, Linus Pauling, Robert Corey na Herman Branson walieleza kwamba sehemu za mnyororo zaweza kujizungusha kama ngazi ya mviringo, yenye asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko, ikishikiliwa na vifungo dhaifu vya haidrojeni. Sehemu nyingine hulala sambamba na kufanya kitu kama karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Lakini nguvu kubwa inayolileta umbo zima pamoja ni maji yaliyouzunguka mnyororo. Makundi yanayoyakwepa maji hujificha ndani, yale yanayoyapenda hubaki nje, na mnyororo mrefu hujikusanya kuwa donge lenye mabonde na mifuko yake maalumu. Humo ndimo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hufanyia kazi.

Je, mnyororo huhitaji kuelekezwa ujikunje vipi? Christian Anfinsen wa Marekani alichukua kimeng'enya chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa urea na kemikali ya kuvunja pingu zake nne za salfa, kikapoteza kazi. Alipoziondoa kemikali hizo na kukiacha kipate oksijeni, kilijikunja chenyewe na kazi yake ikarudi. Mimi naliona jaribio hili kuwa kiini cha somo lote. Ute wa yai haurudi kwa sababu minyororo iliyokunjuliwa na joto imesongamana mno, ikanasana yenyewe kwa yenyewe kabla haijapata nafasi ya kujikunja.

Si protini zote huwa madonge. Kolajeni, iliyo nyingi kuliko protini nyingine katika miili ya wanyama, ni minyororo mitatu iliyosokotwa kama kamba. Kila asidi amino ya tatu ni glaisini, kwa kuwa katikati ya kamba hamna nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Protini nyingine hukaa zimepenya utando wa seli, na hizo huelekeza nje sehemu zinazoyakwepa maji, kwa sababu jirani yao hapo ni mafuta.

Nimeiacha himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, mwisho. Ina minyororo minne: miwili ya asidi amino 141 na miwili ya 146. Katika ugonjwa wa selimundu, nafasi ya sita katika minyororo ile ya asidi amino 146 imebadilika: palipokuwa na asidi glutamiki inayoyapenda maji, pamekaa valini inayoyakwepa. Vernon Ingram aliigundua tofauti hiyo katika miaka ya 1950. Valini hiyo iko juu ya uso wa molekuli, mahali ambapo haiwezi kujificha. Himoglobini inapoachia oksijeni, hufunguka kifuko kinachoikaribisha valini ya molekuli jirani. Molekuli moja humshika mwenzake, naye humshika mwingine, mpaka nyuzi ndefu ngumu huijaza seli nyekundu na kuipinda kama mundu. Seli ikifika mapafuni na kupata oksijeni, nyuzi huyeyuka na umbo hurudi, ila kila mara utando wake huchakaa kidogo, hadi siku seli hiyo inapobaki imepinda hata ikiwa na oksijeni.