Ndugu wa Wazee Waishio Makazini na Haja ya Kusema kwa Pamoja

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi maofisa ustawi wa jamii mliofika hapa Dodoma, nawashukuru kwa kunialika niseme kwa nini ndugu wa wazee waishio makazini wanapaswa kukutana na kusema kwa pamoja.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa mtunzaji wa kwanza wa mzee, na makazi ya kutunzia wazee kuwa kimbilio la mwisho. Naukubali msimamo huo, ila umezaa aibu ambayo hatuizungumzi. Mtu ambaye shangazi yake anaishi makazini huona kwamba ukoo umekwisha kumhukumu, kwa hiyo huenda kumjulia hali kimyakimya, akaacha sabuni na kanga, kisha akaondoka bila kuuliza kwa nini dawa za shinikizo la damu zilikatika. Akiuliza, huuliza peke yake, huku akihofu kwamba shangazi ndiye atakayebeba matokeo ya ulimi wake.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba za matunzo ilizipa familia haki ya kukutana ndani ya nyumba hizo. Uongozi hutakiwa kuwapa mahali pa faragha, na mfanyakazi haingii kikaoni ila kwa kualikwa. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu hofu haiondoki mbele ya yule anayeogopwa. Sisemi tuige kila kitu, maana nyingi za nyumba zile ni za biashara, ilhali makazi kama Sukamahela, wilayani Manyoni, yako chini ya serikali.

Wala hatuhitaji kujifunza kujipanga kutoka mbali. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vina mwenyekiti, mweka hazina na daftari, na asiyefika msibani hutozwa faini. Inanisikitisha kwamba utaratibu wote huo humngoja mzee afe kwanza.

Ndugu wanaokutana makazini waanze kwa kuwasikiliza wazee wenyewe, kwa kuwa mzee mwenye akili timamu hana haja ya kusemewa. Siri ya mtu mmoja ibaki kwake. Linalowagusa wengi, kama maji, chakula au dawa, liandikwe katika barua yenye tarehe kwa afisa mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi, na nakala iende kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ikiomba jibu la maandishi. Lalamiko la mtu mmoja hupozwa kwa maneno mazuri mlangoni, lakini barua ya familia nyingi huingia kwenye jalada.

Wako pia wazee wasio na ndugu hata mmoja anayefika. Napendekeza kila familia imchukue jirani wa kitanda cha mzee wao. Najua mtauliza tutamsemea kwa haki gani. Nami nasema mzee huyo aulizwe, na akiridhia, jina la msemaji wake liandikwe daftarini mbele ya afisa ustawi, naye abaki huru kulifuta siku yoyote.