Bingwa Mzee na Pambano la Tatu

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi kwenye mkeka kwa sababu viti vimekwisha: mulembe.

Nimekuja hapa Kakamega kwa ajili ya swali lililozua ubishi mkali pale tunapofanyia mazoezi. Bingwa wa mieleka aliyezeeka, akirudi mkekani, atawaweza hawa wanaotawala sasa? Sizungumzii ile mieleka ya runinga ambayo mshindi hupangwa mapema. Nazungumzia mieleka ya Olimpiki, yenye refa, pointi na mizani.

Jibu langu nalitoa mapema, anayetaka kubisha ajiandae. Pambano moja anaweza, tena dhidi ya yeyote. Kinachomuumbua ni pambano la tatu la siku hiyo hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyalu. Kabla sijaujua mkeka nilikuwa nimekwisha kukimbia alfajiri nyingi nyuma ya ngoma za isikuti, kwenda Khayega kutazama madume wa ng'ombe wakipigana. Dume aliyekomaa hana haraka. Humwachia kijana asukume, naye huegemeza kichwa tu na kusubiri. Watoto tulikuwa tunashangilia pembe. Baba alikuwa akinivuta sikio na kuniambia, "Acha pembe, tazama mbavu." Mbavu zikianza kupanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi, pigano limekwisha, hata kama wote wawili bado wamesimama.

Mwili wa mwanadamu nao uko hivyo. Watu hudhani uzee huanza kuiba nguvu. Sivyo. Nguvu za kushika, kukaba na kusukuma hudumu sana kwa mtu asiyeacha mazoezi. Wengi huwa nazo kamili hadi miaka 35 na zaidi. Kinachotangulia kupungua ni kasi, kwa sababu zile nyuzi za misuli zinazofyatuka haraka ndizo zinazosinyaa kwanza. Kisha pumzi: kuanzia miaka ya thelathini, uwezo wa mwili kutumia hewa hushuka kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi, ingawa mazoezi makali yanaweza kuupunguza mteremko huo hadi kama nusu. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kupona. Kijana wa miaka 22 hutoka mkekani, akanywa maji, akalala chali kidogo, akaamka mzima. Mtu wa 38 huamka na lile pambano la asubuhi bado limo mwilini mwake.

Sasa nipeleke macho yenu Rio, 2016. Saori Yoshida wa Japani alikuwa na dhahabu tatu za Olimpiki na ubingwa wa dunia mara 13. Silaha yake ilikuwa moja na dunia nzima iliijua: kuruka na kuifuata miguu ya mpinzani kabla hajapepesa jicho. Akiwa na miaka 33 alikutana kwenye fainali na Helen Maroulis wa Marekani, mwenye miaka 24, akafungwa pointi 4 kwa 1. Niliumia siku ile, sifichi. Sikuona mwanamke aliyepungukiwa ujuzi. Niliona mtu ambaye akili yake ilikuwa imefika kwenye goti la mwenzake, na mguu wake ukachelewa nukta moja. Katika mtindo huru, unaoruhusu kushika miguu, tena uzito wa kilo 53, nukta moja ndiyo mchezo wenyewe.

Aleksandr Karelin wa Urusi yeye ni kisa kingine. Dhahabu za 1988, 1992 na 1996, na miaka 13 bila kushindwa. Ile 1988 ni Seoul, ambako Robert Wangila wetu alichukua dhahabu ya ndondi. Wazee mlioshika redio usiku ule mnaikumbuka. Karelin alikuwa akimkumbatia kiunoni mtu wa kilo 130 aliyelala kifudifudi, anamng'oa chini, anambwaga nyuma ya kichwa chake. Rulon Gardner, kijana aliyelelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Wyoming, alibwagwa hivyo 1997. Mwaka 2000 mjini Sydney walikutana tena, Karelin akiwa na miaka 33. Safari hii Gardner alikataa kunyanyuliwa. Walipowekwa kifua kwa kifua, kanuni ya wakati ule ilisema anayeachanisha mikono kwanza anapoteza pointi, na mikono ya Karelin ikaachana. Moja kwa sifuri. Umri ulikuwemo, lakini pia miaka mitatu ya kijana mmoja kulisoma pigo moja. Bingwa wa muda mrefu amekwisha kuwa kitabu kilichofunguliwa mezani.

Mnaosema wazee hawawezi, hapo mlikuwa mnanipigia makofi. Basi twendeni Paris, 2024.

Mijaín López wa Kuba, kilo 130, mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Miaka 41, wiki mbili kabla ya kutimiza 42. Tangu Tokyo 2021 hakuwa ameonekana kwenye mashindano makubwa. Siku ya kwanza alipigana mara tatu. Alimfunga Mkorea 7 kwa 0. Akamfuata Amin Mirzazadeh wa Iran, bingwa wa dunia wa 2023, kijana kuliko López kwa miaka mingi: 3 kwa 1. Kisha Sabah Shariati wa Azerbaijan, 4 kwa 1. Hilo ndilo pambano la tatu ninalolisema, na alilivuka. Kesho yake kwenye fainali alimkuta Yasmani Acosta, Mkuba mwenzake aliyehamia Chile, akamfunga 6 kwa 0. Dhahabu ya tano mfululizo katika shindano lile lile la mtu mmoja mmoja. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika historia ya Olimpiki.

Aliwezaje? Kwanza, mtindo wake unakataza kushika miguu wala kupiga ngwala. Kasi ya miguu, ile iliyomsaliti Yoshida, haina soko kubwa hapo. Soko ni la mikono, kifua na uzito. Pili, mzito hajinyimi chakula na maji kama wepesi. Tangu 2018 mizani ni asubuhi ya siku zote mbili, na kwa mtu mzima kujikausha mara mbili ni mateso. Jordan Burroughs wa Marekani, bingwa wa Olimpiki wa 2012 katika kilo 74, alipanda hadi kilo 79 na kuchukua ubingwa wa dunia 2021 na 2022, akiwa na miaka 33 na 34. Tatu, López hakukimbizana na mtu. Mtazameni na Mirzazadeh: anasubiri mwenzake aadhibiwe kwa kutoshambulia, anamweka chini, anamgeuza, anarudi kuegemeza kichwa. Nilipomwona nilikumbuka Khayega.

Kwa hiyo mkiniuliza juu ya bingwa yeyote mzee, nitawauliza mimi kwanza: ana kilo ngapi, anapigana mtindo gani, na ratiba inampa mapambano mangapi kabla ya kulala?

Maneno yametosha. Mzee wangu wa kofia ya kijivu, uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nianze, naomba uvue viatu uje mbele. Na wewe kijana wa fulana nyekundu. Kifua kwa kifua, mikono mgongoni mwa mwenzako, hakuna kubwagana. Sekunde thelathini, mapumziko dakika moja, mara tatu. Wengine msitazame nani anamsukuma nani, tazameni mbavu zao mara ile ya tatu. Saa iko kwa nani? Haya, mshikane.