Eda Haizuii Karatasi

Assalaam alaykum, mama zangu. Nimepewa dakika chache, na nitakalosema mnalijua: mjane asingoje eda, yaani muda wake wa kukaa ndani baada ya kufiwa, iishe ndipo aanze kufuatilia mafao ya marehemu.

Kuna mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga. Mumewe kafariki, yeye kakaa eda yake, miezi 4 na siku 10, hakupunguza hata moja. Karatasi akamwachia shemeji, "mwanamume huyo, anazijua ofisi." Shemeji akaita kikao cha ukoo barazani, mama yuko chumbani anasikia vikohozi tu. Muhtasari ukaandikwa: warithi ni watoto na mama wa marehemu. Mke hayumo! Mahakama ya Mwanzo ikabandika tangazo, nani angekwenda kulisoma? Mwenye haki yuko ndani. Alipotoka eda shemeji keshateuliwa msimamizi wa mirathi, na kumpinga kukachukua muda mrefu kuliko eda yenyewe.

"Lakini mjane hatoki." Nakusikia, bibi wa pale nyuma. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mwenye haja hutoka mchana, usiku akalala kwake. Riziki ya yatima kama si haja, haja ni ipi? Hospitali mbona anakwenda? Hataki kutoka, haya, amtume mwanawe. Kifo husajiliwa ndani ya siku 30, na hizo zote zimo ndani ya eda. Bila cheti cha kifo hakuna mahakama, hakuna mfuko wa pensheni, hakuna benki. Na nyinyi dada zangu Wakristo, eda hamna. Arobaini mnaingojea ya nini?

Naona naoneshwa saa. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tafuteni sasa, waume wangali hai. Majina yakipishana herufi, kaape mapema kwamba ni ya mtu mmoja. Wake wenza waandikwe wote, mkifichana mtakutana mbele ya hakimu. Karatasi zikisema PSPF au LAPF, ile mifuko ya pensheni ya zamani, nenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, waliunganishwa 2018. Kadi ya benki ya marehemu usiiguse, hata kwa sukari ya matanga. Kila shilingi utaulizwa. Kuuza nyumba ndiko kungoje, hata mwaka.

Mengine sikuyafikia. Maswali? Anza wewe, bibi, maana naona bado hujakubali.