Misimu ya Meza ya D&D kwa Anayeanza Leo

Haya, karibuni. Hapa mezani nina dadu saba, karatasi ya mhusika na penseli. Umealikwa kucheza D&D, yaani Dungeons & Dragons, kwa mara ya kwanza, umeketi, mara jirani yako anapaza sauti: "Nati 20! Kriti! Wapi d8 zangu?" Wenzake wanashangilia, wewe hujui kama ameshinda au ameumia. Tutalimaliza hilo leo.

Mchezo wenyewe ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na misimu mingi utakayoisikia kwenye michezo ya kuigiza wahusika mezani imeanzia humo.

Hatua ya kwanza, watu. Hii tunapita mbio. DM ndiye msimulizi na mwamuzi. Si ile DM ya kutumiana ujumbe pembeni. Michezo mingine humwita GM, kazi ileile. PC ni mhusika wako wewe. NPC ni kila mhusika anayesemewa na DM: mlinzi wa lango, mzee wa kijiji, joka linalokoroma pangoni. HP ni uhai uliobaki. Twende.

Hatua ya pili, dadu. Hapa ndipo ninapopapenda. Herufi d ni dadu, na namba inayoifuata ni idadi ya nyuso: d4, d6, d8, d10, d12, d20. Namba ikitangulia d, inakwambia urushe ngapi. Kwa hiyo 3d6+2 ni dadu tatu za nyuso sita, jumlisha, kisha ongeza 2. Ngoja nirushe. Nne, moja, sita: 11. Ongeza mbili: 13. Hiyo mbili inaingia mara moja tu, usiigawie kila dadu.

d100 je? Unarusha d10 mbili kwa pamoja. Moja imeandikwa 00, 10, 20 hadi 90, hiyo ni makumi. Nyingine ni mamoja. 70 na 4 ni 74. 00 na 5 ni 5. Na 00 na 0? Hapo ni 100, si sifuri. Iandike pembeni ya karatasi yako.

Sasa d20, mfalme wa meza. Narusha... aah, subirini, kamera imepoteza umakini. Sawa, imerudi. Mnaona ilipoangukia? Imeegemea ukingo wa kitabu, haijalala. Hii tunaiita dadu ya kombo. Meza nyingi hurusha upya, na mimi nairusha upya hata kama ilikuwa inaelekea kunipa 19. Kubalianeni kabla ya mchezo, maana katikati ya vita kila mtu ataiona upande unaomfaa.

Hatua ya tatu, na hapa naomba uache kula. Nati 20. Nati hii si ya kufunga kwa spana. Ni 20 iliyo kwenye uso wa dadu yenyewe, kabla hujaongeza chochote. Kabla! Siku yangu ya kwanza dadu ilisoma 16, nikaongeza 4, nikasimama na kupiga kelele "nati 20!" Meza nzima ikasimama nami. DM akauliza kwa upole, "Kwenye dadu inasoma ngapi?" Nilikaa chini nikiwa na huzuni ya kweli, maana wenzangu walikuwa wamenifurahia.

Ile yangu inaitwa 20 chafu: umeifikia kwa kuongeza. Tofauti ni kubwa. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, nati 20 kwenye shambulio inampata adui hata awe na ngao ya namna gani, na ni kriti: dadu za madhara zinakuwa mara mbili. Upanga wa 1d8+3 unakuwa 2d8+3. Ile 3 haiongezeki, tafadhali. 20 chafu bado inalinganishwa na ulinzi wa adui, yaani namba unayopaswa kuifikia au kuipita ili umpate, na madhara ni ya kawaida.

Dawa yake ni hii: weka kidole kando ya dadu, itamke namba unayoiona, ndipo uongeze. Narudia: itamke kwanza, ongeza baadaye.

Maneno ya tabia sasa. Metagemu ni kutumia unachokijua wewe ilhali mhusika wako hakijui, kama kukimbilia moto kwa kuwa ulisoma kitabuni kwamba dubwana lile linauogopa. Wakili wa kanuni husimamisha vita ili abishane kuhusu sheria. Mimi naona aulize baada ya pambano. Madahobo huua kila NPC njiani. DM akiwafungia njia zote ibaki anayoitaka yeye, mmewekwa kwenye reli. TPK ni PC wote kufa kwa pamoja, na nimeona watu wazima wakinyamaza dakika nzima baada yake.

Zamu yako. Toleo ni lilelile la mwaka 2014, unashambulia kwa +5, ulinzi wa adui ni 18. Narusha kwa niaba yako... imelala vizuri, 15. Simamisha video. Kidole kando ya dadu, tamka.

Umesema 15? Ongeza tano. 20 chafu, umempata. Chukua d8 moja.