Tuanze na ugonjwa unaomfilisi mfugaji mdogo

Ndugu mwenyekiti, maafisa mifugo wenzangu, na ninyi wafugaji mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, asanteni sana.

Kila mwaka halmashauri zetu huamua magonjwa gani ya mifugo yatengewe fedha. Juu kabisa huwekwa ugonjwa wa miguu na midomo, homa ya mapafu ya ng'ombe, na mengine yanayofunga minada na kuzuia nyama kuuzwa nje. Sipingi. Hayo yanavuka mipaka, na hakuna mfugaji anayeweza kuyamaliza kwa mfuko wake. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua watu Kenya na Tanzania. Hapo serikali haina pa kukwepea. Kinachonisikitisha ni kwamba mama mwenye kuku kumi na mbuzi watatu hayumo kabisa katika orodha ile.

Mwaka 2002 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, wakiongozwa na Brian Perry, waliyapanga magonjwa kwa kuangalia yanamuumiza maskini kiasi gani. Minyoo, vifo vya ndama na watoto wa mbuzi, kupe, mdondo wa kuku: hayo yakawa miongoni mwa yaliyopanda juu. Ni ya kila siku, hakuna waziri anayeyatangaza redioni, ila ndiyo yanayokula ada za watoto.

Chukueni mdondo. Kiangazi kikikolea, kuku wanazubaa, mabawa yanashuka, kinyesi kinakuwa kijani, shingo inapinda. Baada ya siku chache banda lina kuku wawili, watatu. Chanjo ya I-2 ipo, inatengenezwa hapa hapa nchini Tanzania, inavumilia joto, wala haihitaji sindano. Asubuhi kabla ya kuwafungulia, unamshika kuku, unamlaza ubavu, unadondosha tone moja jichoni, unasubiri apepese, unamwachia. Baada ya miezi mitatu au minne unarudia. Mtoto wa darasa la sita anaiweza kazi hii. Lakini chupa moja ina dozi nyingi kupita kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Mama wa kuku kumi atainunuaje peke yake? Anahitaji mtu wa kuwakusanya majirani na kuwapangia siku, na mtu huyo hana fungu kwenye bajeti zetu.

Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ni yale yale. Chanjo yake ilitokana na utafiti uliofanyika Muguga, Kenya, na wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wameipokea kwa mikono miwili. Ndama huchanjwa mara moja, pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini. Sasa, mrija mmoja wa chanjo hiyo una dozi zipatazo 40, hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni, na ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Mwenye boma kubwa anamaliza mrija kwa asubuhi moja. Mwenye ndama wawili wa maziwa anangoja wenzake wafike idadi, na kupe hawamngojei.

Sotoka ya ng'ombe tuliimaliza duniani mwaka 2011. Chanjo ya mtafiti Walter Plowright ilikuwa nzuri tangu miaka ya 1960, ila ilidai ubaridi mahali pasipo na barabara, sembuse umeme. Ilipopatikana inayostahimili joto, ikabebwa na wachanjaji waliotoka katika jamii za wafugaji wenyewe, huko Karamoja nchini Uganda, Afar nchini Ethiopia, na Sudan Kusini. Watu wale walijua njia za malisho na waliaminiwa na wenye ng'ombe.

Kwa hiyo kabla hamjaandika bajeti, nendeni mkakae na wafugaji. Wanaume peke yao, wanawake peke yao. Mkiwachanganya, mtasikia habari za ng'ombe tu. Wapeni punje 100 za maharage wazigawe kwa magonjwa, rundo kubwa kwa ugonjwa unaowatia hasara zaidi. Msiwaharakishe. Mwulizeni aliyeweka rundo kubwa amepoteza nini, na angeuza nini kama mnyama yule asingekufa. Andikeni majibu yao.

Kisha kila kata iwe na tarehe za chanjo ya mdondo zinazojulikana, na mchanjaji anayelipwa ujira wake. Duru moja ifanyike mwezi wa nane, kabla ugonjwa haujashika kasi, maana kuku aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi.