Kwa Kiingereza, Nani Ananyesha?

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi Mwanaidi, na niko na kaka yangu Baraka, ameingia studio amelowa chapachapa.

BARAKA: Dada, masika ya Dar hayana simile. Nimeshuka daladala, hata mwavuli sijaukunjua, mvua imeshaniwahi.

MWANAIDI: Pole. Basi tuanzie hapo hapo, maana leo tunajifunza kuzungumzia hali ya hewa kwa Kiingereza. Mgeni asiyejua Kiswahili angekuuliza kimekusibu nini, ungemjibuje?

BARAKA: Nilipoanza kujifunza ningesema "The rain is raining." Nilikuwa naitafsiri "mvua inanyesha" neno kwa neno.

MWANAIDI: Na wanafunzi wangu wengi wanasema hivyo hivyo. Kwetu mvua ndiyo inayonyesha, jua ndilo linalowaka, upepo ndio unaovuma. Kiingereza nacho kikifika kwenye mvua kinatafuta kiima kingine: "It's raining." Sasa usiniulize hiyo "it" ni nani, maana si mtu wala kitu. Imewekwa kwa kuwa sentensi ya Kiingereza haikai bila kiima.

BARAKA: Na jua je? Nisiseme "The sun is shining"?

MWANAIDI: Sema, ni sahihi kabisa. "The wind is blowing" pia. Ila ukitaka kueleza siku ilivyo, rudi kwenye "it": "It's sunny", "It's windy", "It's hot today". Ukiizoea hiyo, nusu ya safari umeimaliza.

BARAKA: Mimi iliyonisumbua zaidi ni baridi. Nilikuwa najifunza kazi ya kuongoza watalii, mwezi wa 7, tumesimama alfajiri ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kule juu ni zaidi ya mita 2,000, ukungu umetanda, vidole havikunjiki. Mama mmoja Mwingereza akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu, "I have cold."

MWANAIDI: Akaelewa nini?

BARAKA: Akafungua mkoba, akatoa vidonge vya mafua! Akanishikia chupa ya maji mpaka nimeze. Nilishindwa hata kumweleza kwamba siumwi.

MWANAIDI: Kwa sababu "I have a cold" maana yake nina mafua. Wewe ulikuwa unasikia baridi, na hiyo ni "I'm cold". Fupi tu. Wala usiseme "I'm hearing cold", masikio hayahusiki huko. Joto likikuzidi, "I'm hot". Na baridi ya namna ile ya Ngorongoro wenyewe wanasema "It's freezing!", hata kama maji hayajaganda.

BARAKA: Na mvua kubwa? Nimewahi kusema "big rain".

MWANAIDI: Utaeleweka, ila wao mvua wanaipa uzito: "heavy rain". Upepo wanaupa nguvu: "strong wind". Manyunyu ni "drizzle". Halafu hili naliomba sana: "weather" haihesabiki. Usiseme "a nice weather". Sema "What nice weather!" Na kuuliza ni "What's the weather like?" Ukianza na "how", basi "like" iache: "How's the weather?"

BARAKA: Kuna ile ya paka na mbwa, "It's raining cats and dogs", ya mvua kubwa, tuliyokaririshwa shuleni...

MWANAIDI: Iwekeni kando. Ipo, lakini katika mazungumzo ya kila siku utaisikia kwa nadra. "It's pouring" inatosha.

BARAKA: Lakini dada, mbona Waingereza wanalizungumza sana jambo hili?

MWANAIDI: Ni la zamani. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson aliandika mwaka 1758 kwamba Waingereza wawili wakikutana, neno la kwanza ni hali ya hewa. Mimi nalichukulia kama salamu. Sisi tunaanza na "habari za nyumbani", wao wanaanza na "Lovely day, isn't it?" Na wewe ukiulizwa habari za asubuhi unajibu "nzuri" hata kama kichwa kinakugonga.

BARAKA: Kwa hiyo hataki nimpe utabiri.

MWANAIDI: Hataki. Anakufungulia mlango mzungumze. Mwitikie: "Yes, it is." Kisha ongeza chako kidogo, labda "Much better than yesterday." Watu wanakaa kimya wakidhani wameulizwa swali gumu, na mgeni anaondoka akidhani amepuuzwa. Hilo linaniuma, maana sisi watu wa pwani salamu tunaijua. Hebu tujaribu. "Terrible weather, isn't it?"

BARAKA: "Yes, it is. I'm soaked!"

MWANAIDI: Hapo hapo! Na "soaked" ndiyo chapachapa yako. Subiri, mnasikia hilo bati?

BARAKA: Imeongezeka. "It's really coming down now."

MWANAIDI: Hata sauti yako siisikii tena. Tusimamishe kurekodi, ikikatika tutaendelea na kipupwe.