Imba Misa, Usiimbe Kwenye Misa

Tumsifu Yesu Kristo! … Kaeni, wanakwaya.

Wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi. Naona sauti ya nne, wa besi, kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni. Nitalirudia hadi mnizike: kuna kwaya inayoimba Misa, na kuna kwaya inayoimba kwenye Misa.

Jumapili moja nilisali parokia ambayo sitaitaja. Padre ameandaa vipaji, mkate na divai, amenawa mikono, yuko tayari kusema “Salini, ndugu.” Kwaya iko ubeti wa tatu wa wimbo wa matoleo. Padre amefumbata mikono, anangoja. Ubeti wa nne. Mpiga kinanda akaweka manjonjo yake, wakaanza wa tano! Watumikiaji wakaanza kusinzia. Baada ya Misa nikamwuliza mwalimu wao, vipi ndugu yangu? Akanijibu, “Mwalimu, wimbo ulikuwa bado haujakolea.” Sawa. Na Utukufu, mbona mliusoma? “Ah, ule hatukupata muda wa mazoezi.”

Mmesikia? Utukufu, ambao ni sehemu ya Misa yenyewe, umesomwa mbiombio kama matangazo ya ndoa. Wimbo wa matoleo, ambao kazi yake ni kusindikiza, umekolezwa hadi altare ikasimama.

Msidhani ni kero ya mzee mmoja. Papa Pius wa 10 aliandika tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, kwamba si halali kumngojesha padre altareni kwa sababu ya muziki. Mwaka 1967 Musicam Sacram, maagizo ya Vatikano kuhusu muziki, yakapanga madaraja matatu ya vya kuimba katika Misa, la kwanza litangulie. La kwanza: padre na waamini kuitikiana, Mtakatifu, Baba Yetu. La pili: Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mwanakondoo, Nasadiki. Nyimbo za mwanzo, matoleo na komunyo ziko la tatu! Sisi tunaanzia la tatu, tukichoka tunaishia hapohapo. Padre akiimba “Bwana awe nanyi,” kwaya nzima inamjibu kwa kusema.

Najua kuna mtu ameshanyanyua mkono moyoni: “Mwalimu, Papa huyohuyo alikataza ngoma na piano!” Kweli. Alikataza na wanawake kwenye kwaya. Sauti za juu ziimbwe na wavulana. Tungebaki hapo, nusu ya ukumbi huu mngekuwa nyumbani mnapika. Lakini Pius wa 12 aliwafungulia wanawake mwaka 1955, mradi wakae nje ya eneo la altare. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukaagiza muziki wa mataifa yetu upewe heshima, na hapohapo ukasema wimbo wa Kigregori, ule wa kale wa Kilatini wa sauti moja, ushike nafasi ya kwanza. Wapenda ngoma mnashika sentensi ile, wapenda Kilatini sentensi hii. Someni zote! Ngoma inayowafanya watu waimbe Mtakatifu kwa pamoja sina ugomvi nayo.

Nilitaka niseme na habari ya Kwaresima, kwamba kinanda ni cha kushikilia uimbaji tu, si cha kupiga peke yake. Na spika, na sare mpya kila Pasaka… Paroko ananionyesha saa. Haya.

Fungueni Misa ya Malaika, ya Kigregori, pale kwenye Kyrie, yaani Bwana Utuhurumie. Ndiyo, ile bibi zenu waliyoijua kwa kichwa. Sauti moja wote, bila kinanda. Wewe wa kinanda, nyanyua mikono yote miwili niione.